Puss in Boots: The Last Wish, steringi kabakiza roho moja

Kila aliyekulia kwenye vibanda umiza anaijua sheria namba moja: steringi hafi. Atapigwa, atavuja damu, atafungwa kamba atupwe mtoni, bosi wa maadui atacheka kile kicheko chao, lakini wewe uliyekaa pale kwenye benchi huna presha kabisa kwa sababu unajua jamaa anarudi na wote watalipa. Sasa hii muvi imeichukua hiyo sheria ikatafuta steringi anayeiamini kuliko hata watazamaji wenyewe, paka mwenye roho 9 anayezitumia kama hela ya kuokota, halafu ikamwambia zimeisha 8 na huyu hapa Kifo mwenyewe kaja kukufuata. Ndo habari nzima hiyo, mengine yote yamejengwa kuizunguka.

Kwa ambao hawafuatilii, huyu paka Puss alitokea kwanza kwenye katuni ya Shrek 2 mwaka 2004, akapendwa mpaka 2011 wakampa muvi yake, halafu kimyaaa, ndo Desemba 2022 ikashuka hii. Kaiongoza Joel Crawford akisaidiwa na Januel Mercado, na sauti ya Puss ni Antonio Banderas yule yule. Ile ya 2011 sio lazima uwe umeiona, kiukweli hata kama umeisahau yote hupotezi kitu. Na tuambiane mapema, naongea mpaka mwisho wa muvi, hujaangalia na hutaki kuharibiwa basi ishia hapa.

Mwanzo wake ni wa kujisifu tupu. Puss yupo kwenye jumba la gavana ambalo sio lake, anafanya pati, anaimba wimbo wa kujiimbia mwenyewe kwamba yeye ni shujaa asiyeogopa chochote, analiamsha jitu kubwa, analipiga, watu wanashangilia, halafu kengele inamuangukia anakufa. Hivyo tu. Anaamka kwa daktari wa kijiji, ambaye pia ndo kinyozi, anaulizwa umekufa mara ngapi mzee, ndo wanaanza kuhesabu na zile roho 8 tunaoneshwa moja moja alivyozimaliza: ng'ombe dume wamemkanyaga, kajirusha mnarani akisema paka siku zote hutua kwa miguu, karushwa na mzinga, kala vitu vya baharini mwili ukamkataa. Unacheka kila kimoja. Ujanja upo hapo, yaani wamekufanya wewe mtazamaji ucheke vifo 8 mfululizo ili baadaye wakurudishie hicho kicheko kikukere.

Maana dakika chache mbele Puss yupo baa anakunywa maziwa, pembeni anakaa mbwa mwitu kavaa joho jeusi, anapiga mluzi. Huo mluzi mtaniambia. Puss anadhani ni mwindaji wa zawadi kama wengine, wanapigana, na kwa mara ya kwanza anakatwa, damu inamtoka kwenye paji la uso, manyoya yanamsimama, anadondosha upanga anakimbia kupitia bomba la choo. Steringi amekimbia! Upanga kauacha kwa adui! Kuanzia hapo hakuna mtu anayekaa kwa kuegemea kiti.

Baada ya hapo anazika nguo zake, anaenda kuishi kwa bibi mmoja mfuga paka, anapewa jina la Pickles, anafuga ndevu na kula chakula cha kawaida cha paka kwenye bakuli. Muvi nyingi zingefanya hicho kipande kiwe cha huzuni, hapa wamekifanya cha kuchekesha na bado kinauma, maana unamuona mtu aliyekuwa na jina lake mjini sasa anajificha asiitwe hilo jina.

Haya, mpangilio. Kuna nyota iliyoanguka zamani kwenye msitu mweusi, inatimiza ombi moja tu, na kuna ramani moja. Ombi moja na ramani moja, wanaoitaka ni makundi matatu: Puss, anayetaka roho zake zirudi, na mchumba wake wa zamani Kitty Softpaws pamoja na mbwa mdogo aliyejigandisha kwao, Goldi na dubu wake watatu, na Jack Horner. Hapo ni mbio za kawaida, muvi kibao zimejengwa hivyo. Kilichonifanya nikae vizuri ni kwamba ramani inabadilika kulingana na nani kaishika. Akishika Puss njia inakuwa bonde la moto na milima ya wazika maiti. Akishika Kitty nayo inakuwa kinamasi cha huzuni zisizoisha. Kisha inashikwa na yule mbwa, Perrito, msitu unageuka maua na mto wa kupumzika. Yaani mwandishi hana haja ya kumleta mzee mwenye ndevu nyeupe aseme wewe kijana una hofu moyoni, ardhi yenyewe inakuambia. Ukijifunza kuandika hadithi kisha uibe kitu kimoja kwenye hii muvi, iba hicho.

Halafu adui ni watatu na kila mmoja ni adui wa aina yake, hapa ndo wenzetu wengi wa bongo muvi tunakwama, adui wetu wote ni tajiri mwenye suti anayeongea polepole. Goldi (Florence Pugh kampa sauti) ni jambazi lakini sio mbaya, ni yatima aliyelelewa na familia ya dubu wahuni, anataka ombi lake limpe familia ya kweli huku familia imekaa pembeni yake inagombania uji. Yeye ni adui wa kubadilika. Jack Horner ni kinyume chake, mtoto wa kitajiri aliyetokana na kashairi kafupi ka watoto wa Kiingereza, hana hata hadithi kamili, kakua na wivu kwa sababu Pinocchio, yule mwanasesere wa mbao, alimnyang'anya watazamaji, sasa anakusanya vitu vya kichawi vyote duniani kwenye mfuko mmoja na anataka uchawi wote uwe wake peke yake. Huyo wamempa mpaka mdudu wa kumshauri kama dhamira, mdudu anajaribu, anatafuta wema hata kidogo ndani yake, mwisho anakata tamaa. Nimependa sana hapo. Siku hizi kila adui lazima aoneshwe alivyoumizwa utotoni ili tumuonee huruma, huyu wanakuonesha utoto wake na alikuwa na wazazi na nyumba nzuri na kila kitu. Ni mbaya tu, basi. (Kichekesho cha nje ya muvi: Jack Horner alizidiwa na Pinocchio, na muvi yenyewe ilipoenda Oscar 2023 kwenye kipengele cha katuni ikapigwa na Pinocchio ya mwongozaji Guillermo del Toro.)

Na wa tatu ndo mbwa mwitu, sauti ya Mbrazili Wagner Moura, na huyu sio adui kabisa ukikaa ukafikiria. Hataki nyota, wala ramani haimhusu. Anachofuata ni Puss, na sababu anayo, alikuwepo kila mara paka alipokufa kipumbavu, akachukizwa kuona roho zinachezewa hivyo na mwenyewe hata hazithamini. Pale kwenye pango anapomwambia mimi ndo Kifo, na simaanishi kwa mafumbo, mgongo wangu ulipoa. Kosa lake ni moja, kamfuata kabla ya wakati, na mwenyewe anajua anachovunja.

Kuna Mrusi anaitwa Vladimir Propp, mwaka 1928 alichambua ngano za kwao akasema ukizikamua zote wahusika wanabaki wa aina 7: shujaa, adui, mtoa kifaa, msaidizi, binti wa mfalme na baba yake, mtumaji, na shujaa feki, yule anayejisifu kwa kazi asiyoifanya na mwisho anaumbuliwa. Ukiiweka hii muvi kwenye hiyo orodha binti wa mfalme hayupo, Kitty hasubiri kuokolewa na mtu, ila kuna kitu kitamu zaidi, shujaa na shujaa feki ni mtu mmoja. Kile kijana cha kwenye wimbo wa mwanzo, shujaa asiyeogopa, ndo feki anayetakiwa kuumbuliwa, na anayemuumbua sio jaji wala mfalme, ni Kifo kwa kupiga mluzi. Tena kwenye pango la kioo Puss anakutana na roho zake zilizopita, zote zinamcheka na kujisifu, anajiona alivyokuwa na hapendi anachokiona.

Tuje kwa Perrito sasa, msaidizi. Nilipomuona mara ya kwanza nilisema haya wameleta kambwa ka kuuza midoli. Kanaongea sana, hakana jina, kanajifanya paka ili kapate chakula. Halafu kanasimulia kanacheka kabisa jinsi familia yake ilivyokaweka ndani ya soksi pamoja na jiwe wakakatupa mtoni, kenyewe kanadhani walikuwa wanacheza kujificha, na ile soksi ndo sweta lake mpaka leo. Ukumbi mzima unajua ukweli isipokuwa yeye, au labda anajua na kaamua, sijapata jibu. Katika wote wanaoitafuta nyota ni yeye pekee asiye na ombi. Na ndo yeye aliyepewa kipande bora cha muvi: Puss kakimbia vita baada ya kumuona mbwa mwitu, kaegemea mti, moyo unamdunda, pumzi hazishuki, hawezi kuongea, Perrito anakuja anakaa, haulizi chochote, anaweka kichwa tumboni mwake mpaka pumzi zinarudi. Hakuna hotuba. Kwenye katuni! Sisi wanaume wa huku tumefundishwa kwamba ukishikwa na hali ile jikaze, nilifurahi kuiona imewekwa hadharani kwa steringi mwenye upanga.

Hapo hapo Puss anatoboa siri kwamba siku ya harusi yake na Kitty, kwenye kanisa la Santa Coloma, hakutokea, na hakuna kitu anachokijutia kuliko hicho. Kitty kasikia. Na baadaye Kitty naye anamwambia mimi pia sikwenda kanisani, nilijua siwezi kushindana na mtu unayempenda kuliko mimi, yaani wewe mwenyewe. Uuuh. Mistari miwili, na muvi nzima ya mapenzi imekwisha humo.

Mwisho wanafika kwenye nyota wote, na kila kitu kilichopandwa kinavunwa. Goldi anaachia ombi ili amuokoe mdogo wake dubu, Jack anamezwa na nyota ramani ilipochanwa, na mbwa mwitu anamzungushia Puss duara la moto na kumrudishia upanga wake ule ule alioukimbia. Puss anasema kwamba najua sitakushinda wewe kamwe, ila huu uhai nitaupigania. Na hapo Kifo anakasirika kweli, maana alikuja kumfuata paka mwenye majivuno na huyo paka hayupo tena. Anaondoka zake, wanaahidiana kukutana. Steringi hajafa lakini sheria yetu ya kibandani imevunjwa, kwa sababu atakufa, siku nyingine tu, na yeye kakubali. Hakupata hata roho moja ya ziada.

Lawama zipo. Jack Horner ana wale wafanyakazi wake wanaokufa ovyo, mara ya kwanza nilicheka, ya tatu nikaona wanarefusha. Goldi kabadilika haraka mno, angepewa kipande kimoja zaidi na yule mama dubu (Olivia Colman, sauti yake imejaa upendo) ingekolea. Na zile sekunde za mwisho za kutuonesha ufalme wa Shrek ni tangazo la biashara, wangetuacha na chombo kinachokwenda tu.

Kuhusu picha, kwenye mapigano wamepunguza fremu makusudi, picha zinaruka ruka kama kitabu cha katuni na rangi zinaonekana zimepakwa kwa brashi, usidhani kopi yako ni mbovu au bando linakwama. Tafuta yenye saundi nzuri, ile ya kutafsiriwa inachekesha lakini jamaa anaongea juu ya mluzi, na mluzi ndo nusu ya mbwa mwitu. Wazazi, neno katuni lisiwadanganye, mtoto wa miaka 4 au 5 atalala na nyinyi usiku huo. Wa miaka 8 kwenda juu kaa naye, na kile kipande cha msituni ukifika mwache aulize maswali yake, usisogeze mbele.