Rada yenye ARPA: inunueni, ila msiikimbize

Kwa mnaouliza kama ARPA, yaani kompyuta ya rada inayofuatilia meli nyingine, ina thamani ya hela yake, mi nasema ndiyo tena sana, hasa kwa anayeshika zamu ya usiku mkondo wa Unguja. Unaichagua meli kwenye skrini, kompyuta inaifuatilia yenyewe, inakupa spidi yake, inakoelekea, mtapishana kwa umbali gani na bado dakika ngapi, yaani CPA na TCPA. Zamani yote hayo ni penseli na rula, zikija meli nne kwa pamoja unachanganyikiwa. 1956 Andrea Doria na Stockholm ziligongana karibu na Nantucket na zote zina rada, zimeonana mapema kabisa, ila kwenye Andrea Doria hakuna aliyekaa akachora mwendo wa mwenzake.

Ninachokipenda kuliko vyote ni trayo, yaani kujaribu kona kwenye skrini kwanza, unaiuliza nikikata kulia nyuzi 30 baada ya dakika 3 itakuwaje, inakuonyesha hapo hapo kabla hujagusa usukani, na mara nyingi unakuta ukimkwepa huyu unamwingilia yule wa nyuma yake.

Sasa dakika ya kwanza namba zake ni za juu juu jamani, subiri kama dakika 3 zitulie, na mmoja wenu akigeuka zinayumba upya. Kanuni ya 7 ya sheria za kimataifa za kuzuia meli kugongana yenyewe inakataza kuamua kwa taarifa haba za rada.

Shida kubwa ni kipindi cha kusi. Mawimbi yanajaa skrini karibu na meli, ngalawa na jahazi la mbao mwangwi wao hafifu, ukikaza kichujio cha mawimbi unamfuta na mvuvi humo humo, na wengi wao hawana AIS, kile kifaa cha redio kinachotangaza chombo kilipo, kwahiyo macho yabaki nje muda wote. Pia vyombo viwili vikipita karibu karibu alama inaweza kuhama, niliiona ikitoka kwa boti ya uvuvi ikakaa kwenye boya, ukisoma CPA hapo unasoma ya boya.

Halafu angalieni spidi ya meli yenu inayoingia kwenye ARPA inatoka wapi. Fundi aliyetufungia aliiunganisha na GPS, tukamwambia arudishe kwenye logi, kipimo cha spidi ya meli ndani ya maji, maana mkondo wa pwani yetu una nguvu na kwa kukwepana unataka spidi ya kwenye maji, ndo unajua mwenzako ameelekeza omo wapi.

Kwa anayenunua, bajeti ikiruhusu chukua na rada ya mawimbi ya redio ya sentimita 10, mvua kubwa haiisumbui kama ile ya sentimita 3.