Bodi ya Kudhibiti Oveni: Ithibitishe Kabla ya Kununua Nyingine

Watazamaji wapenzi, karibuni. Hii mnayoiona mezani ni bodi ya kudhibiti oveni ya umeme ya nyumbani, yaani sehemu inayopokea amri kutoka kwenye vitufe, kusoma joto la ndani na kuamua ni wakati gani hita ipewe umeme na ni wakati gani ikatiwe. Kila oveni inapogoma, bodi ndiyo hulaumiwa kwanza, na wengi huinunua mpya na kuifunga, kisha wakakuta tatizo liko palepale. Kwa hiyo uchambuzi wangu utahusu udhaifu halisi wa bodi hizi na namna ya kuthibitisha kwamba kweli ndiyo mbovu.

Kabla ya kufungua skrubu hata moja, zima umeme kwenye swichi kuu, kisha pima kwa multimita, yaani kifaa cha kupimia umeme, uhakikishe kwamba hakuna volti iliyobaki. Usitegemee kitufe cha kuzimia oveni, kwa sababu nyaya zinazoingia kwenye bodi hubaki na umeme hata skrini ikiwa giza.

Tuanze na alama za hitilafu, kama vile F1 au F3. Alama hizi hutofautiana kati ya mtengenezaji na mtengenezaji, hivyo zisome kwenye kitabu cha modeli yako. Hata ukishaisoma, kumbuka kwamba alama hukuonyesha njia ya umeme ambayo bodi haikuridhika nayo, wala haikutajii kifaa kilichokufa. Alama ya kihisi joto, kwa mfano, inaweza kuletwa na kihisi chenyewe, na waya uliobabuka nyuma ya oveni, na kiunganishi kilicholegea, au na bodi.

Hapa ndipo kipimo kimoja kinapookoa fedha nyingi. Chomoa kiunganishi cha kihisi pale kinapoingia kwenye bodi, upime ukinzani, yaani kiasi ambacho njia inauzuia umeme kupita, kutoka upande wa waya. Kihisi cha platini cha aina ya Pt1000 husoma takriban ohmu 1,100 katika joto la nyuzi 25 za Selsiasi, na hupanda hadi karibu ohmu 1,760 kwenye nyuzi 200. Aina nyingine zina namba zake, na zipo ambazo ukinzani wake hushuka joto linapopanda. Ukipimia mwisho huo wa waya, umekagua kihisi, waya na kiunganishi kwa mara moja. Namba ikiwa sahihi na imetulia hata unapoutikisa waya, na bodi ikaendelea kulalamika, sasa una haki ya kuishuku bodi.

Hita nayo ipimwe. Ya wati 2,000 kwenye umeme wa volti 230 husoma karibu ohmu 26. Multimita isipoonyesha njia yoyote, hita imekatika na bodi haina kosa.

Sasa tuigeuze bodi, na naomba msogee karibu na picha. Tazameni miguu ya relei hii, yaani swichi inayoendeshwa na umeme, ambayo huwasha hita: kuna duara jembamba jeusi kuuzunguka mguu mmoja, na lehemu imeachana na chuma. Ufa huu ni mdogo kiasi kwamba bila mwanga wa pembeni usingeuona. Relei hupitisha ampea nyingi, hupata moto na kupoa kila mara, na lehemu huchoka. Ndiyo maana unaweza kusikia relei ikilia "tak" na hita isipate moto. Fundi anayejua kulehemu huondoa lehemu ya zamani na kuweka mpya. Relei ikiwa imeungua ndani, huibadilisha kwa nyingine yenye volti zilezile za koili (waya wa ndani unaoivuta swichi) na uwezo uleule wa ampea. Kapasita, yaani kijenzi kinachohifadhi chaji ya umeme, ikiwa imevimba kichwani pia hubadilishwa. Lakini relei ikigandamana ndani ikashindwa kukata umeme, hita huendelea kuwaka hata baada ya kuzima oveni. Hilo ni la hatari, na oveni hiyo isitumike tena mpaka itengenezwe.

Hukumu yangu ni kwamba bodi hizi hufanya kazi nzuri, ila zimewekwa mahali pabaya: juu ya tanuri, zikitegemea feni ndogo kupozwa. Ikichakaa mikanda ya shaba inayopitisha umeme juu ya bodi au ikiungua kwa eneo kubwa, nunua mpya, na ulinganishe namba iliyobandikwa kwenye bodi yenyewe, kwa kuwa oveni za modeli moja zinaweza kuwa na bodi tofauti. Ukishaifunga, washa oveni kwenye nyuzi 200 na usikilize feni ya kupozea. Kama haizunguki, irekebishe siku hiyohiyo, vinginevyo bodi mpya itaungua kama ile ya kwanza.