Hadikesi ya gitaa: fundi kaniharibia, nimeitengeneza mwenyewe barazani

Nyota moja, na hiyo moja ni ya mkono wa kubebea tu, nitaielezea huko mbele, kwanza niacheni nitoe la moyoni.

Boksi lenyewe ni lile gumu la plaiwudi lililovishwa ngozi ya plastiki nyeusi, ndani mahameli, la galatoni langu, yaani gitaa kavu lisilo la umeme. Limetoka Dar kwenye buti ya basi, mtu kapakia jenereta juu yake, nashuka stendi ya Kange hapa Tanga kona ya chini imefunguka, plaiwudi imeachana tabaka tabaka, komeo moja limeng'oka na kipande cha mbao, mkono umekatika upande. Gitaa lenyewe zima kabisa, hata tyuni haijacheza sana, kwa hiyo boksi lilifanya kazi yake jamani, limekufa likimtetea mwenziwe. Ya basi nimesamehe, kondakta aliomba radhi kistaarabu.

Fundi sasa. Ngamiani kuna bwana mmoja anasifiwa mabegi na masanduku, simtaji, na hata barabara sisemi maana barabara zetu za Ngamiani zina namba, nikitaja namba ni sawa na kumtaja yeye. Nikafika nikamsalimia vizuri, nikamwambia fundi naomba sana, misumari na skrubu ndefu hapana, humu ndani analala gitaa. Akanitazama, akasema, "Mjomba, wewe kazi yako kupiga gitaa, mie kazi yangu masanduku, nimekuja kwako kukufundisha kupiga?" Watu wa benchini wakacheka. Nikanyamaza, nikatoa advansi, nikaondoka.

Siku ya kuchukua nje linapendeza, nisiseme uongo, kalipaka rangi ya viatu linang'aa. Nikalipa iliyobaki nikaenda nalo nyumbani. Bahati nzuri mie kabla sijalaza gitaa nina tabia ya kupitisha kiganja ndani kutoa mchanga na vipande vya nyuzi. Nikachomwa. Nikapeleka tochi ya simu: ncha ya skrubu imechungulia kwenye mahameli, urefu wa punje ya mchele, pale pale ambapo ubavu wa gitaa unaegemea. Pembeni yake nyingine, na nyingine, zimejipanga kufuata kona yote. Ile kona iliyoachana hajaitia hata tone la gundi, kaibana na skrubu tu akafunika na rangi! Na komeo kalifunga kwa ribiti za alumini moja kwa moja kwenye plaiwudi bila washa (kile kipete bapa cha chuma) kwa nyuma, nikalifungua, nikalifunga, nikalifungua tena likabaki mkononi.

Nikarudi. Sikupiga kelele, nilimwonyesha kidole. Mnajua alijibuje? "Si utandike khanga ndani? Kwani gitaa lako linalala bila shuka?"

Hapa ndo huwa damu inapanda. Tanga hii! Tanga ya bendi za Atomic Jazz na Jamhuri Jazz, mji ambao vikundi vya Black Star na Lucky Star waliingiza magitaa kwenye taarab watu mpaka Mombasa wakafuata, leo fundi anakwambia gitaa ulitandikie shuka. Hela hakurudisha. Sikuomba mara ya pili, nilihofia ulimi wangu.

Basi nikafanya mwenyewe barazani, na niseme tu kazi hii haihitaji uganga, inahitaji mtu asiye na haraka. Kwanza nikatoa skrubu zake zote. Halafu ile ngozi ya nje na mahameli ya ndani yamegandishwa kwa gundi ya aina ya viatu, ukivuta kwa nguvu unachana, ila ukiipasha moto kidogo inalegea, nikaazima draya kwa dada wa saluni jirani, napuliza huku nachokonoa na kisu butu cha mkate, pole pole, mpaka kona yote ikawa wazi unaona mbao yenyewe. Mama watoto akapita akauliza unamkausha nani nywele. Mahameli usiikate, ifunue tu kama ukurasa uikunje pembeni, utairudisha hiyo hiyo.

Plaiwudi iliyoachana dawa yake ni gundi ya mbao, ile nyeupe ya maseremala. Nikaisukuma katikati ya tabaka kwa kipande cha kadi ya vocha, ile nyembamba inaingia mpaka ndani, nikabana. Jiliwa la kubania mbao sina, na boksi la gitaa lina kiuno, hata ungekuwa nalo lisingeshika vizuri, kwa hiyo nikakata tyubu kuukuu ya baiskeli mistari mirefu nikalizungusha nikikaza, mbao mbili juu na chini, katikati nailoni gundi isishike mbao (mifuko ya nailoni ya kubebea imepigwa marufuku tangu Juni 2019 lakini ile ya mkate ipo, usijifanye huna). Gundi ikachuruzika pembeni, nikaifuta na kitambaa chenye maji kabla haijakauka. Nikaliacha mpaka kesho yake nisiliguse, na hapo ndo pagumu maana mikono inawasha unataka kuchungulia.

Kile kipande kilichong'oka na komeo ndo nilitumia epoksi, ile ya tyubu mbili unachanganya sawa kwa sawa. Hii bidhaa nyota tano bila maneno. Ila angalieni, ile ya dakika tano kwa joto letu la huku pwani haikupi hizo dakika tano, mimi bado nakoroga tayari imeanza kuwa nzito, changanya kidogo kidogo kwenye kifuniko. Ikishika hivyo usidhani imekomaa, ipe mpaka kesho ndo utoboe. Kisha komeo nikalifunga kwa bolti ndogo, kwa ndani washa pana, nati, ncha iliyozidi nikaikata kwa msumeno wa chuma nikaisugua msasa, juu yake kipande cha sponji, ndo mahameli ikarudi. Washa pana ndiyo siri yote jamani. Plaiwudi ni laini, ribiti au bolti ikivuta mahali padogo inapita tundu kama haipo, ukiweka washa mzigo unatawanyika. Washa bei yake ni ya pipi! Fundi wa masanduku miaka yote hiyo hana washa?

Ngozi na mahameli nimerudisha kwa gundi ya viatu, unapaka pande zote mbili unasubiri mpaka ukigusa hainati kidoleni ndo unakutanisha, na ukishakutanisha ndo hivyo, hakuna kusogeza. Fanyeni nje, harufu yake inaleta kichwa. Bawaba zilikuwa zimeanza kutu, huku kwetu chumvi ya bahari haina adabu na chuma, msasa kidogo na tone la mafuta ya cherehani. Wenye maboksi ya plastiki ngumu msinifuate mimi, hayo mengine yanashika gundi mengine hayashiki kitu, ulizeni kwanza.

Sasa mkono. Mkono aliushona yeye yule yule, uzi wa viatu uliopakwa nta, mishono midogo midogo imelala sawa sawa huwezi kuona mwanzo wala mwisho, na nimebeba boksi na gitaa ndani kutoka Makorora mpaka Chumbageni kwa mguu haujalia hata kidogo. Kusema kweli ule mshono ni bora kuliko wa kiwandani. Nikaanza kujiuliza labda siku ile alikuwa na lake, labda mkono anaujua ngozi ni kazi yake na mbao siyo, nikawa nimeshaamua nimpe nyota mbili, hata tatu, niwaambie watu mpelekeeni kitu cha kushona tu msimpe mbao.

Halafu juzi nimepita pale. Sanduku lake la vifaa liko chini ya benchi, limefungwa na komeo la kromu. Komeo langu. Lile la asili, aliloniambia limevunjika kalitupa, ndo maana kanifungia lile la bati lisilofanana na mawili yaliyobaki. Lina ule mkwaruzo wake juu, naujua, nimeuona kila nikifungua boksi.

Kwa hiyo nyota moja inabaki pale pale, ya mshono, na fundi kama unasoma hii nakuja Jumamosi na bisibisi yangu.