Kamusi inayojua kwamba kununa si kinyongo

Kazi yangu ni kutafsiri mazungumzo ya tamthilia za Kituruki kutoka hati za Kiingereza, kabla wenye sauti, yaani wanaoigiza maneno hayo kwa Kiswahili, hawajaingia studio. Tamthilia hizo huishi kwa chuki: wakwe, mirathi, ndugu waliodhulumiana. Kwa hiyo Merriam-Webster's Dictionary of Synonyms, kamusi ya visawe vya Kiingereza, ile ya 1984, haitoki mezani kwangu. Niliipata ya mtumba kwa wauza vitabu wa Posta, Dar es Salaam, kwa shilingi 25,000.

Usitarajie orodha tupu ya maneno yanayofanana; hizo zimejaa mtandaoni bure. Hii hulichukua kundi la maneno na kulichambua: hisia imetokana na nini, hudumu kiasi gani, humsukuma mtu kutenda nini. Mwenye huff kanuna kwa jambo dogo, na hanuni muda mrefu. Pique ni majivuno yaliyoguswa, nayo hupita. Resentment hukaa. Grudge ndicho kinyongo chenyewe, kile kinachosubiri siku ya kulipa. Rancor ni ya mtu anayelitafuna moyoni lile alilotendewa. Na spite? Hapo nilicheka peke yangu: uchokozi mdogomdogo unaotoka kwenye kijicho. Hiyo si inda? Mama mkwe anayemwaga maji palepale mke wa mwanawe alipofagia! Ukiandika "chuki" hapo, mwenye sauti atanguruma kana kwamba kuna mtu anataka kuuawa.

Envious na jealous nazo imezitenga: wa kwanza anakitamani cha mwenzake, wa pili anaogopa kupokonywa chake. Sisi tuna husuda na wivu, ila mtaani wivu hubeba yote mawili, na kwenye hadithi ya mapenzi huwezi kubahatisha.

Kero yake ni kutembezwa. Ukitaka resentment unapelekwa kwenye offense. Grudge iko chini ya malice, rancor chini ya enmity. Mifano mingi ni ya waandishi wa zamani, na maelezo yenyewe yanadai Kiingereza kizito. Toleo la kwanza lilitoka 1942, na harufu ya miaka hiyo bado imo. Mwanafunzi wa kidato cha pili usimpe, atakuchukia.

Mfasiri, nunua. Nyota nne. Ukiikuta ya mtumba kagua gundi ya mgongo kwanza, maana ni nene na kurasa huachia.