Antena ya TV kwenye boti, nimehangaika msimu mzima kumbe mchawi nalala naye ndani

Boti yetu ni ya tanga, futi 32, mimi na mama watoto tunakaa humo miezi kadhaa kila mwaka, leo tumetia nanga hapa kesho kule. Mimi TV sina shida nayo sana ila mwenzangu ana tamthilia zake za saa mbili usiku na hizo hazina mjadala. Nimeshanunua antena tatu, nimeunguza TV moja na kelele nimepigiwa za kutosha, sasa kabla hujatoa hela yako soma kwanza.

Antena ya kwanza ilikuwa ile ndefu yenye miiba kama mfupa wa samaki, na nikiwa mkweli kwa kuvuta hakuna inayoifikia. Tukiwa tumefunga gatini, kamba mbele kamba nyuma, boti haigeuki, unaielekeza kwenye mnara na picha inakuja safi kabisa. Balaa ni ukitia nanga. Ile antena nguvu yake yote iko upande mmoja tu inakotazama, na boti kwenye nanga haitulii, upepo ukibadilika inageuka, maji yakianza kupwa inageuka tena, na antena inageuka nayo. Kuna usiku nilisimama juu ya sitaha nimeshika mti wa antena mkononi, mama watoto yuko chini anapiga kelele "hapo hapo baba usitikisike!", nikaganda kama nguzo ya umeme, dakika tano hazijaisha nasikia "imekata tena jamani". Zamani enzi za analojia ungeona chenga ukavumilia, mtu unamwona na kivuli chake pembeni lakini stori unaipata. Dijitali haina huruma hiyo, mawimbi yakishuka chini ya kiwango picha inakuwa viboksi viboksi, sauti inakatika, halafu kioo cheusi, hakuna katikati.

Sijaitupa lakini. Naitumia gatini, na kuna bandari moja ndogo iliniokoa kwa sababu mnara mdogo wa pale unarusha mawimbi ya wima badala ya kulala, nilihangaika saa nzima sipati kitu, nikaizungusha miiba isimame badala ya kulala, chaneli zote zikaingia. Kwa hiyo ukifika sehemu unauona mnara kwa macho na bado hupati kitu, jaribu hilo kabla hujatukana mtu.

Ya pili ilikuwa karatasi flani ya kubandika dirishani. Iko ndani, iko chini karibu na maji, sina la kuongeza. Nilimpa jirani.

Ya tatu ndiyo niliyobaki nayo, ile ya duara kama sahani iliyofunikwa, inavuta pande zote kwa hiyo boti izunguke inavyotaka haijali, na ndani ina busta (kikuza mawimbi) inayokula umeme wa volti 12 unaopanda kwenye waya ule ule wa antena kutoka kwenye kiboksi kidogo huku chini. Haivuti mbali kama yenye miiba, hilo likubali mapema, kinachovuta kila upande hakiwezi kuwa na nguvu ya kinachovuta upande mmoja. Nimeipandisha mlingotini karibu na kileleni, mita 12 toka majini. Watu wanadhani ukipandisha juu umbali unakuwa mara dufu, sio hivyo. Kanuni yenyewe, chukua urefu kwa mita, tafuta kipeuo chake cha pili, zidisha kwa 4.12, unapata kilomita inazoona, halafu unajumlisha za antena na za mnara. Antena ya mita 2 juu ya maji inaona kama kilomita 6, ya mita 12 kama kilomita 14, na mnara wa mita 150 wenyewe unaleta zaidi ya kilomita 50. Kwa hiyo jumla imetoka kama 56 kwenda 64, nimeongeza kilomita 8 tu hivi. Faida kubwa ni kwamba antena imevuka milingoti ya majirani na vyumba vya maboti makubwa, huko ndiko mawimbi yalikuwa yanaishia.

Mjanja mmoja aliniambia nisihangaike, nigawe tu waya wa antena ya redio ya VHF, ile ya mawasiliano ya baharini. Usifanye. Ile imetengenezwa kwa mawimbi ya megahezi 156 hadi 162, TV za dijitali nyingi ziko kwenye masafa ya juu zaidi, UHF, kuanzia 470 kwenda juu, tena waya wa redio ni wa om 50 na wa TV ni wa om 75, haziendani, na hiyo redio ndiyo utakayoitia msaada siku boti ikiingia maji, unaanzaje kuichezea kwa ajili ya tamthilia? Hata kuziweka karibu ni tabu, mimi nikibonyeza kuongea kwenye redio ya wati 25 TV inaganda mpaka niachie.

Waya nao. Mara ya kwanza nilipitisha waya mwembamba uliobaki nyumbani, kama mita 20 mpaka ufike kwenye TV, na mawimbi mengi yakawa yanafia njiani. Na ndiyo maana busta inatakiwa kuwa juu kwenye antena, ukiifunga huku chini nyuma ya TV inakuza mawimbi ambayo yameshachoka pamoja na uchafu wake wote. Nikaweka waya mnene wa dishi, mambo yakawa mazuri miezi miwili, halafu yakaanza kushuka kidogo kidogo. Nikapanda, nikafungua jeki ya kuungia waya, ndani kuna unga wa kijani na shaba imeoza, chumvi imeshakula. Sasa hivi kila kiungo cha nje nakizungushia ile tepu ya mpira inayojishika yenyewe, na waya naukunja kwa chini kabla haujaingia ndani ili maji yadondokee pale.

Haya sasa tuje kwenye uchawi wenyewe. Pamoja na yote hayo, mchana TV safi, usiku inaganda! Nikasema hali ya hewa, nikasema mnara, nikamlalamikia muuza antena mpaka akanipa nyingine mpya, nikapanda tena mlingotini kuibadilisha, usiku yale yale. Siku moja betri ziko chini nikazima taa zote kubana umeme, na picha ikarudi pale pale. Mama watoto akaniangalia. Nikawasha taa, ikaganda. Nikazima, ikarudi.

Ni zile taa za LED za bei rahisi. Ndani zina kisaketi kinachokatakata umeme maelfu ya mara kwa sekunde ili kushusha volti, na kama hakijachujwa vizuri kinatoa kelele za redio (mawimbi ya fujo, si sauti), na waya wa taa unaopita darini unageuka antena ya kuzirusha. Nikafungua ukurasa wa mawimbi kwenye king'amuzi, kule kuna mistari miwili, nguvu na ubora. Nguvu ilikuwa juu muda wote, ndiyo maana nilikuwa sielewi, kumbe wa kuangalia ni ubora. Nikawa nazima taa moja moja mwenzangu anasoma namba, taa tisa, nne ndizo zenye fujo. Nimebadilisha tatu kwa zenye saketi nzuri zaidi. Kagua na inveta (ya kugeuza umeme wa betri kuwa kama wa nyumbani) na chaja ya sola kwa njia hiyo hiyo, yangu ya sola ilikuwa haina neno ila inveta tunaizima muda wa TV.

TV niliyounguza ni kosa langu, imeandikwa volti 12 nikaichomeka moja kwa moja kwenye betri, injini ikiwa inachaji betri zinapanda hadi 14.4, ikafa. Weka kidhibiti volti katikati. Na ukihama bandari skani chaneli upya, usikae unalaumu antena.

Dishi la setilaiti sijaweka. Setilaiti iko karibu kilomita 36,000 juu ya ikweta na dishi linatakiwa liilenge bila kuhama, kwa boti inayoyumba unahitaji lile la kwenye kuba lenye mota zake, ni zito, linakula umeme, na gharama yake ningenunua antena kama yangu kwa maboksi. Tukiwa karibu na mji siku hizi tunaangalia kwa bando la simu tu.

Taa ya nne bado, saizi yake haijapatikana, ni ya chooni. Kwa hiyo saa mbili usiku picha ikiganda katikati ya tamthilia kila mtu anajua nani hayupo kitini, na mgeni wetu wa juzi alitoka mule anakuta watu wote wamegeuka wanamtazama yeye.