Kliniki ya mifugo Tabora: tiba nzuri, lakini usiku anabaki nani?

Kliniki ninayoieleza hapa imo ndani ya Manispaa ya Tabora. Jina lake sitalitaja, kwa kuwa daktari wake ni mchapakazi, na kasoro ninayoilalamikia inaweza kuondolewa kwa karatasi moja iliyobandikwa mlangoni.

Nilimpeleka mbwa wangu Ijumaa jioni, dume wa miezi minne, akiwa ametapika tangu asubuhi na kuharisha damu yenye harufu ile ambayo aliyewahi kufuga hahitaji kuelezwa. Daktari alimpima joto, akamfunua mdomo kutazama ufizi, akaivuta ngozi ya shingo kuona inarudi haraka kiasi gani, kisha akasema anashuku parvo, ugonjwa wa kirusi unaoshambulia utumbo wa mbwa. Aliponiuliza kuhusu chanjo nililazimika kukiri kwamba mbwa alipata ya kwanza tu, na zilizofuata niliziahirisha nikisubiri malipo ya tumbaku. Hakunigombeza. Alinieleza kwa utulivu kwamba hakuna dawa ya kukiua kirusi chenyewe, na kwamba kinachomwokoa mbwa ni kurudishiwa maji mwilini, kuzuiwa kutapika, na kupewa antibiotiki ili bakteria wa utumbo ulioharibika wasisambae katika damu. Alimtundikia dripu, akamlaza katika chumba cha nyuma mbali na wanyama wengine, na msaidizi wake akapiga deki kwa jiki mahali pote tulipopita. Kwa huduma ya mchana, sina la kulalamikia.

Kabla sijaondoka nililipa, pamoja na mambo mengine, shilingi 20,000 ambazo kwenye risiti zimeandikwa «kulaza na uangalizi, usiku mmoja». Mlangoni pana maandishi makubwa ya rangi nyekundu yanayosema huduma ni saa 24. Nikiwa na maneno hayo mawili, la mlangoni na la kwenye risiti, nilikwenda nyumbani nikiamini kwamba kuna mtu atakayekesha.

Saa tano usiku nilipiga simu kuuliza hali, ikaita bila kupokelewa. Nikapiga tena mara tatu, nikachukua bodaboda. Getini nilimkuta mzee mlinzi amejifunika koti, redio ikiwa chini. Nilimwamkia, akaitikia, na nilipomuuliza daktari yuko wapi akanijibu bila kuficha: «Mwanangu, daktari huondoka saa mbili. Mimi nalinda geti na betri ya sola. Habari za mbwa sizijui.» Nilimsihi anifungulie, naye akakubali baada ya kusita kidogo, jambo ambalo pengine hakupaswa kulifanya, ila namshukuru. Mbwa alikuwa ameutafuna mpira wa dripu. Maji yalikuwa yamemwagika sakafuni, yeye amelala ubavu katika matapishi yake, na mguu uliokuwa na kanula, yaani kile kimrija cha kupitishia dripu kwenye mshipa, umevimba.

Mlinzi alikuwa na namba nyingine ya daktari, ambayo mimi sikupewa. Daktari alifika baada ya nusu saa hivi, akaweka kanula upya mguu wa pili, akampa glukosi, akamfunga kola ya plastiki ili asifikie mpira. Mbwa alipona, na siku ya nne alikula uji wa mchele. Naliandika hili ili msomaji asidhani kwamba nalalamika kwa sababu ya msiba.

Nalalamika kwa sababu sikuambiwa. Daktari alijieleza kwamba yuko peke yake, kwamba hawezi kufanya kazi mchana kutwa na kukesha usiku kucha, na kwamba kuajiri mtu wa zamu ya usiku kungepandisha gharama hadi wateja wakimbie. Yote hayo nayakubali, na sidhani kama katika mji wetu ni haki kudai daktari wa usiku katika kila kliniki. Lakini kutokuwa na mtu na kutosema kwamba hakuna mtu ni mambo mawili tofauti. Ningeambiwa jioni ile, ningekuwa na uamuzi wa kufanya: kuomba ruhusa nikae naye mwenyewe hadi alfajiri, au kukubali abaki peke yake akiwa amefungwa kola tangu mwanzo na mimi nikiwa na namba ya simu inayopokelewa. Mtoto wa mbwa aliyeishiwa maji na sukari anaweza kuzidiwa katika saa chache, na saa hizo chache ndizo nilizouziwa kama uangalizi.

Cheti cha usajili kimetundikwa ukutani, na najua kwamba Sheria ya Veterinari ya mwaka 2003 ndiyo iliyounda Baraza la Veterinari linalosajili madaktari hawa. Cheti hicho kilinithibitishia kwamba aliyemgusa mbwa wangu ni mtaalamu, lakini hakikuniambia usiku anabaki nani. Katika jimbo la California, Marekani, kanuni zinaitaka kliniki imjulishe mwenye mnyama mapema iwapo kuna muda ambao hapatakuwa na mtu, na tangazo la wazi kwenye lango kuu linatosha. Ni tangazo tu, wala si mshahara wa mtu wa ziada. Hapa kwetu rangi nyekundu ilishanunuliwa. Kilichokosewa ni maneno.

Kwa tiba natoa nyota nne kati ya tano, kwa uwazi nyota moja. Nilirudi wiki tatu baadaye kwa ajili ya chanjo ya kichaa cha mbwa, nikayakuta maandishi ya saa 24 yakiwa palepale. Hata hivyo, mama mmoja aliyeleta paka wa kulazwa aliulizwa na msaidizi, kabla hajatoa pesa: «Mama, usiku hapa anabaki mlinzi tu, utamwacha au utarudi naye?» Mama akafikiri kidogo, akamrudisha paka kwenye kikapu.