Uzoefu wangu: bima ya kazini ilivyonilipia mashine mpya ya kupumulia usingizini

Bima ya kazini imenilipia mashine mpya ya CPAP. Haikulipa bei yote wala haikulipa upesi, lakini imelipa, na kwa kuwa karibu kila niliyemuuliza hapa Dar aliniambia nisijisumbue, nimeona nieleze ilivyokwenda. Niko kwenye bima binafsi tunayokatiwa na mwajiri. Walio NHIF wana taratibu zao.

Kwa asiyeijua mashine yenyewe: inakaa pembeni ya kitanda, inavuta hewa ya chumbani na kuisukuma kupitia bomba hadi kwenye barakoa ya puani, na msukumo huo unazuia koo lisijifunge ukiwa umelala. Haiponyi ugonjwa wenyewe, yaani pumzi kukatika usingizini. Ukilala bila mashine, usiku huohuo pumzi zinaanza kukatika tena. Kipimo changu cha usingizi kilionyesha pumzi inakatika au kupungua mara 42 kwa saa, na madaktari wanahesabu kuanzia 30 kuwa hali kali. Enzi hizo nilikuwa nasinzia kwenye foleni ya Buguruni nikiwa nimeshika usukani, na nyumbani walidhani nakabwa na jinamizi. Nikilala na mashine, ile 42 inashuka chini ya 5.

Mashine ya kwanza nililipia mwenyewe, na imenihudumia vizuri kwa miaka. Ilipochoka ilianza kutoa mluzi mwembamba, kisha kila nikiiwasha kioo chake kinaandika kwamba muda wa mota umepita, niwasiliane na muuzaji. Hewa bado ilikuwa inatoka. Hapo ndipo mvutano ulipoanzia, maana bima walisoma fomu wakajibu kwa mstari mmoja: kifaa kinafanya kazi, ombi limekataliwa.

Ningependa mwenye shida kama yangu ajue jambo hili kabla hajapeleka fomu. Kwenye kubadilishiwa mashine hakuna anayebishana nawe kama unaumwa. Wanabishana kama mashine imekufa, imekufa kwa sababu gani, na kama kweli ulikuwa unaitumia. Barua ya daktari peke yake haijibu hata moja kati ya hayo, hata iwe ndefu na imeandikwa na bingwa.

Kuhusu sababu, bima walikuja na hoja ya umeme. Sote tunajua umeme wa hapa unavyokatika na kurudi kwa kishindo, na mkataba wetu haulipi kifaa kilichoungua kwa namna hiyo. Nikaelekezwa kwa fundi wa vifaa tiba kule Upanga, kijana makini sana. Alianza na adapta: akaigusisha nyaya za mita, ikasoma volti 24 kama lebo yake inavyosema. Akafungua mashine, akamulika saketi kwa tochi ya simu, nikaona mwenyewe kwamba hakuna alama ya kuungua popote. Kisha akaileta feni karibu na sikio langu, akaizungusha taratibu kwa kidole, nikasikia inakwaruza.

"Hii beringi imekwisha, kaka. Umeme haujafanya kitu hapa."

Yote hayo akayaandika kwenye karatasi yenye muhuri, pamoja na namba ya mashine, jumla ya saa ambazo mota imezunguka, na kwamba mota ya aina ile hana pa kuipata. Ukurasa ule mmoja ulifunga hoja ya umeme na ile ya "kifaa kinafanya kazi" kwa pamoja. Kama una nguvu ya kufuatilia karatasi moja tu, fuatilia hiyo.

Matumizi yamehifadhiwa ndani ya mashine. Ubavuni pana memori kadi ndogo ambayo watumiaji wengi hawajawahi kuitoa. Daktari aliichomeka kwenye kompyuta ikatoa ripoti ya kila usiku: nimelala nayo saa ngapi, hewa imevuja kiasi gani, pumzi zimekatika mara ngapi. Bima nyingi za Marekani zinamhesabu mtu kuwa mtumiaji wa kweli akiivaa saa 4 au zaidi kwa asilimia 70 ya siku, na daktari wangu alitumia kigezo hicho kwa sababu mkataba wetu haukuwa na chake. Nilikuwa juu ya hapo kwa mbali, na baada ya ripoti ile hakuna aliyeuliza tena.

Walibaki kudai kipimo kipya cha usingizi. Daktari alikataa, na namshukuru, kwa sababu kunipima upya kungetaka nilale bila mashine ilhali ugonjwa unajulikana na hakuna kilichobadilika mwilini. Aliambatanisha ripoti ya zamani na ile ya kadi, wakakubali.

Ukikataliwa kwa simu, omba barua inayotaja kifungu cha mkataba. Mimi nilipoiomba, sauti ilibadilika. Ngazi za juu pia zipo: Mamlaka ya Usimamizi wa Bima, yaani TIRA, ndiyo inayozisimamia kampuni hizi, na Sheria ya Bima ya 2009 iliweka msuluhishi wa migogoro ya bima ambaye unaweza kumwendea ukishamaliza malalamiko ndani ya kampuni. Sikufika huko, ila barua yangu ya mwisho iliwataja wote wawili.

Njiani walinishauri nichukue mashine iliyotumika kutoka nje, ya bei nafuu. Nilikataa. Juni 2021 Philips ilitangaza kuziondoa sokoni mashine zake nyingi za aina hii, kwa sababu sponji ya kupunguza kelele ndani yake ilikuwa inaweza kumomonyoka na mtumiaji akavuta chembe zake. Anayenunua iliyotumika bila kuhakiki namba yake hajui anavuta nini, na kifaa unachopumulia usiku kucha si mahali pa kubahatisha.

Mwishowe walilipa asilimia 70 ya profoma, yaani hati ya bei ya muuzaji, nami nikaongezea. Kwa huduma yao nawapa nyota tatu kati ya tano. Dada wa dawati la vibali alikuwa mwungwana na alipokea simu kila nilipopiga, lakini kumwachia mgonjwa kazi ya kugundua nyaraka zinazotakiwa, moja baada ya nyingine, huku hapati usingizi, ni jambo ambalo karatasi moja ya maelekezo ingelimaliza. Katikati ya kusubiri nililala nimekaa, nimeegemea mito, na asubuhi kichwa kilikuwa kinagonga.

Barakoa, bomba na filta havimo kwenye mafao. Kwa vumbi la Tabata filta inageuka nyeusi mapema kuliko kijitabu kinavyosema, kwa hiyo hiyo ni gharama ya kudumu, panga bajeti yake. Mkataba wa kampuni unahuishwa Januari, na dada wa rasilimali watu ameshaandika ombi vitu hivyo viingizwe. Ofisini tumejitokeza wengine wawili tunaotumia mashine hizi, tumesaini wote.